Jinsi Tulivyoanza Kutazama Star Trek na Nyanya

Sisi ni familia ya watu wanane katika nyumba moja, pamoja na mama yetu mzazi ambaye kila mtu hapa anamwita Nyanya. Tulitoka Fizi, Kivu ya Kusini. Mwezi huu tumeombwa tuandike kidogo juu ya maisha ya nyumbani. Tukaona tuwaeleze jambo ambalo majirani wanatuuliza kila siku: kwa nini Jumamosi usiku tunajifungia ndani na simu moja, wakubwa kwa watoto, mara tunacheka, mara tumenyamaza kabisa.

Jibu ni kwamba tunatazama filamu ya zamani ya watu wanaosafiri kwenye nyota. Wengine wametucheka. Hata sisi tulipoanza tulijicheka. Lakini tusomeni hadi mwisho, maana jambo hili halikuanza na filamu. Lilianza na mtoto.

MTOTO ALIYENYAMAZA

Dada yetu mdogo alipata safari ya Marekani mwaka 2018, yeye na mtoto wake wa kiume aliyekuwa na miaka minne. Mtoto huyo alikulia mgongoni mwa Nyanya. Siku ya basi tulifurahi na tulilia, wote mnajua siku hiyo inavyokuwa.

Mwanzoni akipiga simu alikuwa anamuuliza Nyanya habari za kuku, za paka, na kama ule mwembe wa jirani umezaa. Baadaye maneno yakaanza kupungua. Akawa anasema, "Shikamoo Nyanya." Nyanya anajibu, "Marahaba mwanangu, unaendeleaje?" Halafu kimya. Unasikia mtoto anapumua tu kwenye simu. Mama yake anamnong'oneza jibu, naye analirudia kama kasuku.

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unatuaibisha. Sisi tulikuwa tunamcheka. Akikosea neno, nyumba nzima inaangua kicheko. "Wewe umekuwa Mzungu!" "Umesahau Kiswahili mara hii?" Tuliona ni utani wa ndugu. Kumbe mtoto yuko upande wa pili anasikia watu wazima saba wanamcheka kwa pamoja. Mwisho akawa hataki kabisa kushika simu.

Nyanya hakulalamika. Siku moja tu aliturudishia simu akasema, "Huyu mutoto ananiogopaka sasa." Dada yetu alisikia. Simu ikakatika, na tulijua si mtandao.

Sisi wenyewe faili letu lilikuwa bado linashughulikiwa. Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi Januari 2025, tulielewa kwamba hatutamwona yule mtoto kesho wala keshokutwa. Kilichobaki ni simu. Na kwenye simu hatukuwa na la kuzungumza naye.

Ndipo tukamuuliza dada yetu: huyo mtoto anapenda nini? Mpira? Akasema mpira hapana, anapenda Star Trek. Anatazama na rafiki yake wa shule, za zamani na mpya. Tukamwambia, basi tutumie na sisi. Alipopatikana mtu wa kuja Kigoma kuona ndugu zake, dada akampa memori kadi. Ilitufikia imefungwa ndani ya soksi ya mtoto.

NI FILAMU GANI HII?

Kwa ambao hawaijui, Star Trek si filamu moja, ni mfululizo wa televisheni. Ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na mtu aliyeubuni ni Gene Roddenberry. Habari yenyewe ni ya karne ya 23. Kuna chombo kikubwa cha anga kinaitwa Enterprise, ndani yake wanaishi watu kama 430. Kazi yao ni kuzunguka kwenye nyota za mbali na kukutana na viumbe ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mkubwa wao ni Kapteni Kirk. Msaidizi wake ni Spock, mwenye masikio yaliyochongoka. Yupo daktari McCoy, ambaye anagombana na Spock kila siku lakini hawezi kukaa bila yeye.

Mfululizo huo wa kwanza una misimu mitatu, sehemu 79, na ulikwisha mwaka 1969. Baada yake ilikuja mingine mingi. Ile minne iliyoonyeshwa kati ya 1987 na 2005 peke yake ina sehemu zaidi ya 600, na mwingine ulianza 2022. Tulipomwambia Nyanya hesabu hiyo alishika kichwa: "Basi mimi nitakufa mbele ya kumaliza!" Tukakubaliana kuanza na zile 79, moja kwa wiki.

Tunaegemeza simu kwenye kopo la mafuta juu ya kiti, Nyanya anakaa karibu zaidi kwa sababu ya macho, watoto chini, wakubwa nyuma wamesimama. Chaji tunapata kwa jirani mwenye sola, na Jumamosi hakuna ruhusa ya mtu kuchezea simu kutwa nzima. Filamu ni ya Kiingereza tupu, nasi tulisoma kwa Kifaransa. Kijana wetu mkubwa alisoma Kiingereza jioni, kwa hiyo yeye ndiye mfasiri. Akifika pagumu anasimamisha, anakuna kichwa, halafu anatunga. Tunajua anatunga, lakini tunamwacha.

USIKU WA KWANZA

Sehemu ya kwanza iliyoonyeshwa 1966 inaitwa The Man Trap. Enterprise inafika kwenye dunia moja kavu, wanapoishi profesa na mke wake tu. Mke huyo daktari McCoy alimpenda zamani. Kumbe mke alikwishakufa. Aliyebaki ni kiumbe anayeweza kujigeuza sura, kila mtu anamwona vile moyo wake unavyotaka. Na huyo kiumbe anaua watu. Anawaua ili awanyonye chumvi ya mwilini, maana bila chumvi hawezi kuishi.

Kwa mara ya kwanza sisi tulikuwa tunacheka. Mawe yanaonekana ni ya kuchongwa, mlango unafunguka wenyewe kwa sauti ya ajabu. Baba watoto akasema, "Uongo mtupu." Watoto wakauliza kama watu wa nyota wanavaa pajama.

Ghafla ikafika mahali ambapo yule kiumbe anajigeuza kijana mweusi na kukutana na afisa wa mawasiliano, dada mmoja mweusi anayeitwa Uhura. Kijana anamsemesha, naye anamjibu. Nyanya akanyoosha mkono: "Simamisheni! Simamisheni kidogo. Huyu mama anasemaka Kiswahili!"

Tukarudisha nyuma. Tukasikiliza tena, na tena, mara nne. Lafudhi ni ya Kimarekani na maneno yanapita haraka, lakini ni kweli. Mwaka 1966, ndani ya chombo cha kubuni cha karne zijazo, watu wawili wanasalimiana kwa lugha yetu, na hakuna anayewashangaa. Toka hapo hakuna aliyecheka tena. Hata baba watoto alivuta kigoda.

Mwisho wa habari yule kiumbe anapigwa risasi na kufa. Alikuwa wa mwisho wa aina yake. Sisi tukaona imekwisha vizuri. Nyanya akakasirika. "Bangemupa chumvi. Mufuko moja tu wa chumvi, na mambo ingeisha."

Tulinyamaza. Nyote mnajua chumvi ni nini siku ya mgao, na jinsi nyumba inavyokuwa mwezi ambao haikutosha. Unatuma mtoto kwa jirani na kijiko, anarudi na kijiko kitupu kwa sababu jirani naye ametuma mtoto wake. Tulikuwa hatujafikiria kwamba filamu ya nyota inaweza kuzungumza habari ya chumvi.

Jumamosi ile ile dada yetu alipopiga, tulimwomba ampe mtoto simu. Mfasiri wetu akamwambia tumetazama The Man Trap. Mtoto alipiga kelele! Akaanza kusema Kiingereza mbio mbio, mfasiri akashindwa. Nyanya akauliza kupitia kwa mfasiri: "Wewe ungemuua yule wa chumvi?" Mtoto akafikiri, akajibu ndiyo, kwa sababu alikwishaua watu. Nyanya akataka apewe simu mwenyewe. Wakabishana, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kiingereza, mfasiri katikati anatoka jasho. Walibishana mpaka vocha ya upande wa kule ikakwisha. Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya kwanza ya kweli kwa muda mrefu sana, na Nyanya alilala anacheka.

WATU WALIO NYUMA YA FILAMU

Baada ya hapo tulianza kuuliza, na dada yetu anatusomea kwa simu anayoyapata.

Uhura aliigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno letu uhuru. Siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu chenye jina hilo, na kutoka hapo wakapata Uhura. Jina lake la kwanza lilikuja kutajwa kwenye filamu ya mwaka 2009: Nyota. Watoto wetu walipenda sana jambo hilo, maana hapa kambini akina Nyota tunao wengi.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha kazi. Alisimulia mwenyewe kwamba alikutana na Mchungaji Martin Luther King, na King akamwomba asiondoke, kwa sababu watu weusi walikuwa wanajiona kwenye televisheni wakifanya kazi ya heshima kati ya wengine. Akabaki. Mmoja wa wasichana waliokuwa wanamtazama alikuwa Mae Jemison. Alikuja kuwa daktari, na alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari alifanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi wa Kambodia huko Thailand. Mwezi Septemba 1992 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani. Nichols alifariki mwaka 2022.

Lakini aliyetugusa zaidi ni yule anayeendesha chombo, Sulu. Aliigizwa na George Takei, Mmarekani wa asili ya Japani. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1937. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani iliwakusanya watu wa asili ya Japani kama 120,000, wengi wao raia kabisa, ikawafungia kambini. Takei alikuwa na miaka mitano. Kwanza familia yake iliwekwa kwenye banda la farasi mahali pa mashindano, kisha wakapelekwa kwa treni hadi kambi ya Rohwer, Arkansas, na baadaye Tule Lake, California. Huko kulikuwa na seng'enge na walinzi. Walitoka vita ilipokwisha, na iliwabidi kuanza maisha upya bila nyumba. Mwaka 1988 serikali iliomba msamaha kwa sheria na kuwalipa waliokuwa bado hai dola 20,000 kila mmoja.

Kijana wetu wa pili, ambaye amezaliwa hapa hapa kambini, alikaa akimwangalia Sulu kwenye ile simu. Akauliza, "Huyu naye alikuwa anapanga foleni ya chakula?" Tukamwambia ndiyo, alikula kwenye bwalo pamoja na watu wote. Hakusema kitu. Lakini Jumamosi iliyofuata alikaa mbele, na mpaka leo Sulu akitokea anasema, "Yule wetu."

Hatusemi kwamba kila kitu ni kizuri. Sehemu nyingine zinachosha. Wanawake wamevaa magauni mafupi mno, Nyanya anaziba macho ya wajukuu. Watoto nao wamegundua kwamba wakishuka kwenye dunia ngeni, mlinzi wa shati jekundu mara nyingi harudi. Akitokea tu wanapiga kelele, "Huyo hafiki jioni!" Uhura naye anavaa nyekundu, basi kila wiki tunamhofia.

USIKU ALIOSAHAU

Ya kumhofia yalifika. Ni kwenye msimu wa pili, sehemu inayoitwa The Changeling, ya mwaka 1967. Kuna chombo kidogo kisicho na mtu, kinaitwa Nomad. Kilirushwa kutoka duniani zamani, kikapata ajali, na akili yake ikaharibika. Sasa kinaamini kazi yake ni kuangamiza kila kisicho kamili. Kikiwa ndani ya Enterprise kinamsikia Uhura akiimba. Hakielewi kuimba ni nini. Kinamchunguza kichwa, na kumbukumbu zake zote zinafutika. Yule dada mwenye akili nyingi anabaki anatazama tu, hajui kusoma, hajui kitu.

Halafu wanaonyesha muuguzi, anaitwa Chapel, amekaa naye kitandani na kitabu cha watoto wa darasa la kwanza. Anamfundisha Kiingereza neno moja moja. Uhura anashindwa, anakasirika, na akikasirika kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Muuguzi anamrudisha taratibu kwenye neno. Daktari anasema haitapita wiki atakuwa amerudi kazini.

Wenye kujua mambo ya kichwa watasema wiki moja haitoshi. Ni kweli, ni filamu. Lakini Nyanya hakuangalia hilo. Filamu ilipokwisha alisema, "Mumeona? Hakuna mutu alimucheka."

Nyumba nzima ikawa kimya. Kila mmoja alijua anasemwa nani. Wale wa kwenye chombo walikuwa na mtu aliyesahau kila kitu, wakamfungulia ukurasa wa kwanza. Sisi tulikuwa na mtoto aliyesahau lugha kwa sababu tu alichukuliwa akiwa na miaka minne, tukamwita Mzungu.

Jumamosi iliyofuata Nyanya alishika simu mwenyewe. Hakuuliza "Umesahau?" Alimuuliza kama unavyomuuliza mtoto wa mwaka mmoja: nyota kwa Kiingereza ni nini? Mtoto akamwambia. Nyanya akajaribu kulisema, akakosea vibaya sana, mtoto akacheka. Nyanya naye akacheka, akasema, "Sasa zamu yako." Wakaenda hivyo: nyota, mwezi, chumvi, sikio. Sikio lilikuwa kwa ajili ya Spock. Maneno manne siku ile.

Na sisi tulimwomba radhi. Tulimwambia dada yetu amfasirie vizuri, neno kwa neno, kwamba wajomba na shangazi walikosea kumcheka. Mtoto alijibu kwa Kiingereza kwamba si kitu. Dada yetu alituambia baadaye kwamba usiku ule aliuliza kama anaweza kupiga simu na Jumapili pia.

TULIPO SASA

Tumefika sehemu ya 46, zimebaki 33. Kila Jumamosi saa mbili usiku hapa, kwao ni mchana, yeye anatazama sehemu ile ile, kisha tunaongea. Siku nyingine mtandao unakataa, au chaji inakwisha katikati na tunakaa wiki nzima hatujui Kapteni Kirk ametokaje shimoni. Mtoto bado anachanganya maneno. Hajawa msemaji wa Kiswahili, na labda hatakuwa kama sisi. Lakini haogopi simu tena.

Wasomaji wapendwa, si lazima mtafute filamu hii. Wengi hamna memori kadi wala muda. Tunalotaka kusema ni hili tu. Kama una mtoto wa ndugu aliye mbali, Australia, Kanada, popote, na maneno yamekauka, muulize anapenda nini. Kama ni mpira, jifunzeni majina ya wachezaji wake. Kama ni wimbo, usikilizeni hata kama hamuuelewi. Akikosea Kiswahili, msimcheke. Hata hawa wa hapa kambini, ambao Kibembe cha babu zao hawakijui sawasawa, tuwafundishe bila kuwaaibisha. Nyanya ameanza hilo pia: akimaliza neno la Kiswahili na yule wa Marekani, anawageukia hawa wa hapa na kuwapa lile lile kwa Kibembe.

Jumamosi iliyopita mtoto alitaka kumwambia Nyanya kwamba akipata kazi atamtumia vitu. Aliomba mama yake asimsaidie. Akavuta pumzi, akasema, "Nyanya, mimi nataka wewe kula chumvi mingi."

Watu saba tulishikilia midomo. Mmoja alitoka nje kabisa. Nyanya alijibu bila kutikisika, "Aksanti sana, mwanangu. Nitakula." Simu ilipokatwa ndipo tukacheka, na Nyanya ndiye aliyecheka kuliko wote, huku anapangusa macho kwa kitenge.

Wenye swali watatupata nyumbani siku yoyote, ila siyo Jumamosi usiku.